Sufuria ya Wasabato

Mimi Nyabuto, mnunuzi wa ngozi hapa Suna, nina mdomo. Watu walinipenda kwa mdomo huo na mimi mwenyewe nikaupenda kupita kiasi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka. Nanunua ngozi za ng'ombe kwa Wakuria kule mpakani, nazipeleka Homa Bay, zinapanda meli kwenda Kisumu. Mtu wa safari kama mimi hali kwake. Anakula hotelini, na akila hotelini miaka kumi na miwili, ana haki ya kusema.

Basi nilisema. Hoteli nilizipanga kama ninavyopanga ngozi: daraja la kwanza, la pili, la tatu, na ile ya kutupwa. Hoteli ya Mirumbe pale Suna niliipa la tatu, kwa sababu mchuzi wake ulizaa kila basi lilipoegesha. Ukiwa peke yako unakula nyama, wakishuka abiria thelathini unakula maji ya nyama. Nilimwambia hivyo mbele ya hao abiria. Rongo kulikuwa na mama aliyepika maharage vizuri lakini mhudumu wake alileta bakuli kidole gumba kikiwa ndani, na nilipomuuliza kama kidole nacho ni cha kuliwa, hoteli nzima ilicheka. Hata Kisumu, mwaka ule wa pili baada ya Uhuru, niliingia ile hoteli kubwa ambayo zamani tulikuwa tunaipita kwa mbali. Vitambaa vyeupe, mhudumu amevaa glavu. Sahani ilikuwa kubwa kama ungo na juu yake viazi vitatu. Nilimwita msimamizi nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nimekuja kula, sikuja kuona sahani." Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi mno.

Watu wakawa wananiuliza, "Mzee Nyabuto, leo tule wapi?" Nikisema, wanakwenda. Nikikunja uso, hawaendi. Mimi pia ni mzee wa kanisa letu la Wasabato, kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito mara mbili.

Hoteli moja tu niliipa daraja la kwanza bila kusita. Ilikuwa Homa Bay, karibu na gati, mabati manne na meza sita, ya mjane mmoja Mjaluo jina lake Benta. Kwao ni kisiwani Takawiri, na samaki alimjua kuliko alivyowajua watu. Sisi Wasabato, kama wengi wanavyofahamu, hatuli samaki asiye na magamba. Ngege, yule perege mwenye magamba, tunakula. Mumi, yule kambare mweusi wa ngozi laini, kwetu ni najisi. Benta alikuwa Mkatoliki, mumi kwake hana shida, na wateja wake wengi walimpenda. Lakini kwa ajili yetu sisi wafanyabiashara tuliotoka Kisii na Suna, alinunua sufuria ya pili. Ilikuwa na kamba nyekundu kwenye mshikio. Ndani yake mumi hakuingia hata siku moja, wala mwiko wa sufuria ile nyingine haukuigusa. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alifanya kwa heshima tu, na kila siku ya soko nusu ya meza zake zilijaa Wasabato.

Mimi ndiye niliyewapeleka. Na mimi ndiye, peke yangu kati yao, niliyekuwa nakula mumi.

Ilianza msimu mmoja wa mvua, ziwa lilipochafuka siku tatu na mashua hazikutoka. Nilifika nimechelewa, nimelowa, nina njaa. Benta alinitazama akasikitika.

"Ngege imeisha, jaduong'," alisema. Wajaluo humwita mzee hivyo. "Imebaki mumi tu, na wewe si mtu ya mumi."

Harufu ilikuwa inatoka jikoni. Mumi wa kukaushwa kwa moshi, kisha akapikwa na nyanya. Nilitazama huku na huku.

"Lete kidogo," nikasema. "Nionje tu."

Mwishoni mwa chumba palikuwa na meza moja nyuma ya pazia, ya wageni wenye maneno ya faragha. Akaniletea pale. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Kuanzia siku hiyo, kila siku ya soko nilipita moja kwa moja nyuma ya pazia, na Benta akajua. Mara moja tu aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Na kanisa?" Nikamjibu, "Kanisa liko Suna." Akacheka kidogo. Hakumwambia mtu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mdomo wangu uliokuwa haumwogopi mtu haukuwahi kulitaja jambo hilo hata kwa mke wangu.

Mwaka wa sitini na saba, mwezi wa kumi, siku ya soko, hoteli imejaa. Nilikuwa nyuma ya pazia na kipande cha katikati, chenye mafuta. Pazia likavutwa. Alikuwa Onyancha, mwenzangu mzee wa kanisa, amekuja kuniambia kwamba lori la ngozi limefika. Akaanza kusema, kisha macho yake yakashuka kwenye sahani.

"Nyabuto," akasema, "hiyo ngozi mbona nyeusi? Magamba yako wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa fupi lakini ilikuwepo, naikumbuka vizuri. Ningeweza kusema, ndugu yangu, nimeshindwa na tumbo. Badala yake nilisimama, nikaisukuma sahani mpaka mchuzi ukamwagika, nikatoka mbele ya watu wote.

"Mama Benta!" nikapiga kelele. "Umenilisha nini? Sisi tunakuamini, wewe unatutilia mumi?"

Mwanamke mmoja wa kanisa letu, Zilpah, muuza ndizi, alitema alichokuwa nacho mdomoni. Wengine wakaanza kugeuza vipande vyao wakitafuta magamba.

Benta alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Alinitazama. Nilidhani atasema, na kama angesema ningekwisha pale pale. Akatazama chini.

"Pole, jaduong'," akasema. "Labda nilikosea sufuria."

Nilitoka na Onyancha amenishika bega, ananipa pole. Ananipa pole mimi! Niliikubali pole hiyo.

Habari ilifika Suna kabla yangu. Kwa kuwa nilikuwa na sifa ya kusema kweli, hakuna aliyeuliza mara mbili. Kanisani walitoa onyo watu wasile kwa Benta, Onyancha akasimama akanitaja kwa jina kama mtu asiyeficha kitu. Nilikaa kiti cha mbele nikitazama viatu vyangu. Siku za soko Homa Bay nilikula ndizi nimesimama gatini, nimeipa mgongo hoteli yake.

Mke wangu Nyasuguta hakuligusia jambo hilo mwezi mzima. Kisha siku moja tukiwa tunaanika ngozi, mimi nikizipapasa na kuzitaja bila kuangalia, hii ya fahali, hii ya mtamba, hii ilikuwa na kupe, akasimama na kiuno amekishika.

"Baba Kemunto," akaniuliza, "ngozi unaijua kwa vidole. Samaki ukamkosa kwa macho?"

Nikainamia ngozi iliyofuata. Naye hakungoja jibu, aliendelea na kazi yake. Aibu niliyoisikia siku hiyo sikuwahi kuisikia mbele ya mtu yeyote. Nikaamua kwenda kwa Benta.

Nilikwenda siku ya soko, nikapitia mlango wa nyuma. Alikuwa peke yake jikoni, amekonda. Jiko lilikuwa na sufuria moja. Ile ya kamba nyekundu alikuwa ameigeuza juu chini kando ya ukuta, na kuku alikuwa amelala juu yake.

Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Nikamwomba msamaha, nikalia hata machozi, mtu mzima. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Kwa nini hukusema siku ile?" nikamuuliza.

"Wewe ni mzee. Nikuaibishe mbele ya watu yako?" akasema. "Mimi nilijua utarudi kesho, useme mwenyewe. Nikangoja kesho. Nikangoja soko ingine. Sasa ni mwezi ngapi?"

"Nimerudi, mama. Nimesema."

"Umesema na mimi. Mimi si nilikuwa najua?" Akaonyesha kwa kisu mlango wa chumba cha kulia. "Ulisimama pale, jaduong', watu wakasikia. Enda usimame pale. Nikikosa watu ya soko mpaka Krismasi, nafunga."

Nikasema sawa. Na nilikuwa namaanisha, Mungu ni shahidi. Nikapita ule mlango.

Ndani mlikuwa na watu watano. Makuli wawili wa gatini, mzee mmoja wa kisiwani Mfangano na mwanawe, na Mokaya, kijana wa kanisa letu anayeleta ndizi. Hakuwa anakula, alikuwa anangoja mkungu wake upokelewe. Huyo mmoja alitosha. Kile ambacho Mokaya angesikia hapa, jioni ile ile Suna nzima ingekijua.

Nikasimama mahali pale pale. Nikasafisha koo.

Mokaya akainua kichwa, uso ukamjaa mshangao. "Mzee Nyabuto! Hata wewe umerudi kwa huyu mama?"

Watu wote wakanitazama. Benta alikuwa amekuja nyuma yangu, nilimsikia akipangusa mikono. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikamwangalia Mokaya, jinsi alivyokuwa ananingoja kwa heshima.

"Nimepita tu," nikasema. "Kiu."

Nikakaa. Benta akarudi jikoni. Chai sisi hatunywi, na hilo alilijua bila kuambiwa. Akaniletea maziwa, akaweka kikombe mbele yangu taratibu, mshikio umeelekea mkono wangu wa kulia.

"Kunywa, jaduong'," akasema. "Usiogope. Ni maziwa tu."

Mokaya akainama upande wangu. "Angalia vizuri kwanza, mzee," akaninong'oneza, lakini kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Benta alikuwa bado amesimama pale. Nami nikakiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, nikakiangalia ndani.