Kikapu cha Darasa la Nne

Ukindu ukilowekwa hunuka majani yanayoanza kuoza, na nyumba yetu ya Ilemela ilinuka hivyo mpaka biashara huria ilipoleta ndoo na mifuko ya plastiki. Mama alikuwa akisuka vikapu vya kuuza. Wateja walipomkimbia, akaenda kukata minofu ya sangara kiwandani, mafungu ya ukindu akayaacha kwenye kona. Mimi nikayachukua. Nilikuwa darasa la nne, na tulikuwa tumeagizwa kazi ya mikono ya somo la stadi za kazi. Wenzangu walijua la kufanya: unanunua ufagio au kikapu sokoni, unasema umetengeneza mwenyewe, naye mwalimu anajifanya hajui, maana vitu vyote huishia nyumbani kwake. Mimi, mjinga, nikasuka. Wiki tatu, kila nikitoka shule, mpaka vidole vikachanika. Mama alinikuta, akacheka, akanionyesha namna ya kufunga ukingo. "Huu mkono umeutoa wapi wewe?" akaniuliza. Sijasifiwa tena namna ile.

Kosa langu ni kwamba kikapu kilitoka kizuri mno, kuliko hata vile vya sokoni. Mwalimu alikigeuzageuza, akauliza nani kasuka. Nikasema ni mimi. Akauliza tena huku akichukua fimbo, nami nikarudia jibu lilelile. Nilichapwa viganjani, sita kila kimoja, wale walionunua wakiwa wametulia na alama zao. Kisha akaniwekea ukindu mezani, akasema, "Haya, fundi, suka tuone." Vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Ukindu ukaanguka, darasa likacheka, na Milembe, niliyekaa naye dawati moja, akacheka kuliko wote. Nilimchukia, na nadhani bado namchukia.

Kesho yake Mama akaitwa. Alikuja na buti za kiwandani, ana haraka, kwa sababu aliyechelewa zamu alikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Fimbo ilikuwa mezani. Nilimwangalia bila wasiwasi wowote: huyu ameniona kwa macho yake, atasema. "Samahani, mwalimu," akasema Mama. "Nilimsukia mimi. Mtoto aliogopa tu." Mwalimu akaridhika, akakichukua kikapu. Njiani nikamuuliza Mama kwa nini. "Ulitaka akuue?" akanijibu, akaongeza mwendo. Wiki ileile nilikutana na mke wa mwalimu akitoka sokoni na kikapu changu, kimejaa dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

Leo watu huniuliza kwa nini nasuka kwa mikono, wakitegemea nitaje mila na bibi zetu. Nasuka kwa hasira. Nasuka barazani, mchana kweupe, mteja akae aone kikapu chake kikianza mpaka kiishe, na asiyeweza kungoja simuuzii. Mama amezeeka, nakaa naye, nampenda. Wageni wakisifu kazi yangu, yeye huwasimulia: "Huyu alikuwa hajui hata kushika ukindu. Darasa la nne nilimsukia mimi, akachapwa kwa uongo wake." Hasemi kwa ubaya. Ameyasema mara nyingi mpaka anayakumbuka hivyo. Mwaka jana nilimbishia mbele ya wageni. Akalia, akaapa kwa Mungu kwamba ni yeye, na wageni wakanitazama kama walivyonitazama wale wa darasani. Tangu siku hiyo akianza kusimulia, namwitikia, "Ndiyo, Mama."