Nilivyomzika Renilda Kabla ya Siku Yake

Wacheni niwaambie mwenyewe yaishe, kwa sababu hii aibu nimeibeba vya kutosha na wengine wenu mmeshaisikia ikiwa imetiwa chumvi na watu wa Riruta ambao hata hawakuwepo. Ni kweli, mimi Kamau ndiye yule jamaa aliyeenda kwa kina msichana wake kujitambulisha, akaongea kidogo tu, na baba ya msichana akazima televisheni. Hakupunguza sauti, jamani. Alizima kabisa.

Mwende tumejuana tangu aanze kazi kwenye lile duka la vigae mjini ambako mimi ni muuzaji, na kwao ni mtaa wa Satellite, yaani kutoka kwetu Riruta unaenda kwa miguu na viatu vyako bado viking'aa (sawa, siku kavu vinashika vumbi, lakini mnanielewa). Baba yake ni Mzee Mutiso, mtu wa Machakos, karani wa serikali aliyestaafu, wa maneno machache, na mimi nilikuwa nimemwogopa kabla hata sijamwona. Tulitaka kuoana, na Mwende alishaniambia bila kuzunguka, "Baba akikataa, mimi siwezi toroka na wewe, usijidanganye." Kwa hivyo nilipoitwa chai Ijumaa jioni nilijua huo ndio mtihani wangu na hakuna wa marudio.

Sasa, mzee ana kitu kimoja tu cha kumfungua mdomo, nacho ni tamthilia ya Renilda, ile ya kutafsiriwa inayoonyeshwa jioni kabla ya taarifa ya habari. Renilda ni msichana maskini wa kufua nguo, Octavio ni kijana wa tajiri, wanapendana, mama wa Octavio hataki, basi, vile huwa. Mwende akanipa mbinu. "Angalia tu za wiki mbili zimepita, upate kitu ya kuongea na yeye matangazo ikiingia. Ukimwongelea Renilda vizuri, umeingia."

Mtu mwenye akili zake angefanya hivyo tu. Mimi nikaenda Dagoretti Corner kwa Kevo, mwenye kale kaduka ka muvi ambako unapeleka flashi yako anakujazia chochote unachotaka, na alipoichomeka kwa kompyuta akaniuliza, "Nikuwekee mpaka wapi, buda?" Na mimi (hapa ndipo mambo yaliharibika, hapa kabisa) nikasema, "Weka yote."

Yote! Na Kevo anazo mpaka ya mwisho, maana kule zilikotoka zilishaisha kitambo, ni stesheni yetu tu inayotukatia kidogo kidogo kila jioni ili tusilale njaa wala tusishibe. Nikazitazama wakati wa chakula cha mchana nimejificha nyuma ya vigae, nikazitazama nikifua, nikawa naruka zile sehemu watu wanaangaliana tu dirishani, na wiki ilipoisha nilikuwa nimelia mara kadhaa na ukoo wa Renilda naujua kuliko ukoo wetu. Kitu kimoja tu sikukijua, nacho ni Mzee Mutiso alikuwa amefika wapi. Wala haikunijia kichwani kuuliza! Nilidhani kadiri unavyojua mengi ndivyo unavyopata alama nyingi.

Ijumaa nikafika nimepiga pasi mpaka soksi, nimebeba sukari, unga na mkate mkubwa. Sebule ina vitambaa vya kufuma kwa kila kiti. Mama Mwende (mwenyekiti wa jumuiya kanisani, mcheshi, tulipendana papo hapo) akanimiminia chai, na kando yake alikuwa jirani yao Mama Tito, ambaye televisheni yake ilikuwa imeharibika na alikuwa amehamia pale kila jioni kama mtoto wa nyumba. Mzee akanisalimia kwa kunitazama viatu. Halafu muziki wa Renilda ukaanza na nikaelezwa sheria kwa kidole tu, hakuna kuongea mpaka matangazo.

Renilda alikuwa anajaribu gauni la harusi. Anacheka, anajizungusha mbele ya kioo, na mimi nimekaa nimetulia kama mtu aliyekwisha pita mtihani, nikimwonea huruma. Matangazo yakaingia. Mwende akanipiga jicho, yaani, sasa. Nikakohoa.

"Baba," nikasema kwa ile sauti ya kutoa pole, "huyu Renilda mimi alinitoa machozi sana pale alipozikwa."

Kikombe cha mzee kikasimama hewani. "Alipozikwa nani?"

Hapo ningesema nimechanganya na tamthilia nyingine, tungecheka, tungekula mkate. Lakini nyinyi mnanijua, mimi nikitumbukia shimoni naitisha jembe.

"Lakini msijali," nikasema haraka, "pacha wake anakuja kumlipizia."

"Ana pacha?" akauliza Mama Mwende.

"Ee, Mama, yule anayeolewa na Octavio baadaye."

"Octavio anaoa shemeji yake?" Mama Tito akaweka sahani chini. "Huyo Octavio huyu?"

"Si kupenda kwake, ni yule padri aliwadanganya."

"Padri Anselmo?" Mama Mwende alishika kifua. "Yule mpole hivyo?"

"Ndiye aliweka sumu, Mama."

Wueh! Hata tangazo la sabuni lilionekana kama limeshtuka. Nilimwangalia Mwende anisaidie, nikaona amefunika uso kwa kitambaa cha kiti. Halafu matangazo yakaisha, Renilda akarudi na gauni lake, bado anacheka, hajui kitu, na sisi sote tunajua, na Mzee Mutiso akachukua rimoti akazima. Mama Tito aliniambia baadaye kwamba katika nyumba ile televisheni ilikuwa haijawahi kuzimwa Renilda akiwa ndani.

"Kijana," mzee akasema polepole, "chai yako imeisha?"

Kikombe kilikuwa kimejaa pomoni, Mama Mwende alikuwa ameniongezea matangazo yalipoingia. "Imeisha, Baba," nikasema, na kwa kuwa sikutaka kuongeza uongo juu ya mauaji, nikainywa yote mara moja, imetoka motoni saa hiyo, nikatoka nje macho yakinitoka machozi, na Mama Tito akadhani nalia Renilda. Mwende akanisindikiza mpaka geti. "Kamau, si nilikuambia wiki mbili? Mbili tu!" Nilitaka kujitetea, lakini ulimi ulikuwa umeungua.

Siku zilizofuata nilikonda. Mwende ananipa habari kazini kwa kunong'ona, mzee bado anatazama lakini hasemi hata neno, hata matangazo yakiingia. Mama Tito naye, ambaye aliondoka na siri zangu zote, alizitembeza Satellite yote, wanawake wakawa wanamsimamisha pale kwa mboga kumuuliza kesho kutatokea nini, na anawajibu huku akichambua sukuma kama mtu aliyeonyeshwa maono. Mimi nilijua nimekosa mke. Sitawadanganya, niliumia, kwa sababu yule msichana nampenda na nilikuwa nimempoteza kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hayupo.

Kisha wiki ya mazishi ikafika kwa televisheni, Renilda akafa, akazikwa, na Jumapili yake baada ya misa nikaitwa. Nikajua naenda kuambiwa nisirudi. Nikavaa shati lile lile, nikabeba sukari tena (unafukuzwa, lakini mikono mitupu ni mbaya), nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Mzee alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Mama Mwende kando yake, Mwende mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Mzee akaanza.

"Kijana, tangu ile siku nimemwangalia yule msichana kila jioni. Anashona shela, mimi najua. Anacheka na mama yake, mimi najua. Anamwambia Octavio watazeeka pamoja, wajaze nyumba watoto, na mimi nimekaa hapa najua. Wengine walilia siku moja. Mimi nimeomboleza wiki nzima kabla mtu hajafa."

Nikainamisha kichwa. "Nisamehe, Baba."

"Ngoja nimalize." Akavuta pumzi. "Sijawahi kuona kitu tamu hivyo."

Nikainua kichwa.

"Na mimi presha haikupanda hata kidogo!" Mama Mwende akadakia, alikuwa amejizuia mpaka basi. "Siku hizo zingine nikiona mambo mabaya yanakuja najifunika leso nauliza, ameshakufa, ameshakufa? Safari hii nimeangalia padri akiweka sumu nikila ndizi. Aki ya nani, nimefurahia kila kitu, hata nimeona viatu vya padri vimepasuka, sikuwahi kuviona."

"Mama yako amefurahi," mzee akasema (mimi sikusikia hilo neno "mama yako", nilikuwa bado nangoja kufukuzwa, nimeambiwa baadaye). "Lakini mimi bado nina hasira. Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini ule mshtuko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimemngojea Renilda miezi, nishtuke mwenyewe, kwa kiti changu. Wewe ukaupeana na mkate. Kwetu mtu akikosea hivyo, kuna mbuzi. Utalipa mbuzi."

Mbuzi tu! Nikaona nimepona. Nikainuka nusu. "Baba, hata kesho. Kesho asubuhi nitamleta, hapa kwa geti."

Mzee akanitazama kama mtu anayetazama hesabu iliyokosewa. "Kesho? Peke yako? Mbuzi analetwa hivyo kama ameibwa? Utakuja na wazazi wako. Utamleta pamoja na wale wengine."

"Wengine gani, Baba?" nikauliza, mjinga wa wajinga, mtoto wa Riruta.

Mwiko ulianguka jikoni. Mwende akapiga kelele, Mama Mwende akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu, na mimi katikati nimesimama nauliza tena wengine gani, mpaka Mwende akanijia mbio akanishika mabega, "Kamau, mbuzi za ntheo! Bila hizo mimi si wa mtu, zikifika mimi ni wako! Amekubali, we! Baba hatozi mbuzi mtu wa njia!"

Jamani, nililia. Nililia kuliko nilivyomlilia Renilda, na mzee akakohoa akageuka dirishani, akiniachia nafasi. Furaha ikanipanda kichwani, na mimi nikipata furaha mdomo hauna breki, nikasema, "Asante, Baba! Asante sana! Na ngoja tu uone vile inaisha, yule pacha—"

"NYAMAZA!" Wote watatu, na Mama Tito kutoka nje ya dirisha, ambako kumbe alikuwa anaanika nguo zisizo zake.

Tangu siku hiyo nimeapa, kwa nyumba ile naongea mvua, naongea bei ya unga, naongea habari za Machakos, lakini juu ya televisheni mimi ni bubu. Siku tulipopeleka mbuzi, wazee wakiwa wameshiba na wanapiga gumzo, Mzee Mutiso alinivuta kando nyuma ya tangi la maji, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuomba sigara, akanong'ona:

"Kijana. Lakini yule padri... watamshika?"

Nikamtazama mkwe wangu machoni, mwanaume niliyemwogopa kuliko mtu yeyote Nairobi hii, na mbuzi wake wa Renilda akilia pale karibu.

"Baba," nikasema, "hapo mimi sikufika."