Ratili za Mwanangu

Watu wa siku hizi mkisikia habari ya mashindano ya watoto mnacheka. Sisi hatukucheka. Kule kwenye shamba la mkonge, mbele kidogo ya Pongwe, mke wa meneja alitangaza kwamba watoto wanyonyao watapimwa kwenye zahanati ya kambi, na mama wa mtoto atakayeonekana ana afya kuliko wote atapewa blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa jema, zito. Lakini mie roho yangu haikuwa kwenye blanketi. Nilitaka ule mzani useme mbele ya kambi nzima kwamba mwanangu ataishi.

Maana wa kwanza nilimzika. Homa ilimchukua kabla hajaota jino, na kambini maneno hayakosi. Tulikuwa tumeshuka kutoka Usambara, mume wangu akapata kazi ya kukata mkonge, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wakasema maziwa yangu ni maji matupu. Wakasema sie watu wa milimani joto la huku halitutaki. Hata kanisani, mwinjilisti akihubiri kwamba mtoto ni baraka, nahisi macho yote yamenielekea: huyu alibarikiwa, kisha akanyang'anywa, ana nini? Na mie nikawa najiuliza vilevile. Nikaona Mungu ana wapenzi wake, na mie simo.

Mpenzi wake mkubwa, kwa hesabu yangu, alikuwa jirani yangu, mke wa mnyapara. Milango yetu ilitazamana, na kanisani tulikaa benchi moja. Mwanawe na wangu walizaliwa mwezi mmoja, lakini wake, loo, mapaja mikunjo kwa mikunjo, mashavu karibu yamfunike macho. Mwanamke yule alikuwa mcheshi na utani wake ulichoma. Akinikuta uani nimembeba wangu, huniambia, "Shoga, mshike vizuri huyo, upepo usije ukatuchukulia." Nami nacheka naye. Kisha naingia ndani, nafunga mlango, namvua mtoto nguo nitazame ushanga wake.

Ushanga wa kiunoni ndio uliokuwa mzani wetu sisi. Mtoto akinenepa unambana, unauongezea uzi, akikonda unalegea. Wa mwanangu ulikuwa unalegea. Asubuhi napitisha kidole kati ya ushanga na ngozi, kinapita. Naenda kuteka maji, narudi, nakipitisha tena, kinapita. Nimeshaacha mboga ikaungua jikoni kwa ajili ya kidole hicho. Sala zangu nazo zikawa kama za sokoni: Baba, mwongezee ratili moja tu. Na kama huwezi kumwongezea huyu, basi mpunguzie yule wa ng'ambo. Ndivyo nilivyoomba, tena nimepiga magoti.

Nikaanza kumnywesha uji kwa kiganja. Wanawake wa rika langu wanakujua kunywesha huko: unamlaza mtoto mapajani, kichwa kimelala nyuma kidogo, unakinga kiganja mdomoni mwake, unamimina uji mwepesi. Atake asitake atameza, maana asipomeza hapati pumzi. Mtoto alikuwa akinitumbulia macho huku anameza, na mie natazama pembeni.

Mume wangu hakupenda. Alikuwa mtu wa maneno machache, anarudi kazini mikono imechanwa na miba. Siku moja akasimama mlangoni akatutazama, akasema, "Mama, mie huko shambani kila siku nahesabiwa mafungu yangu, yakipungua natukanwa. Hata huyu naye ahesabiwe? Mwache kwanza awe mtoto."

Nikamwambia ndiyo maana wanaume hawapewi mimba. Akaenda kuoga.

Siku yenyewe ilipofika nilimnywesha kabla ya kutoka, na uji mwingine nikauchukua kwenye kopo. Nilijiona nina akili: uji ulioko tumboni nao una uzito, kwa nini nisimjaze foleni ikisogea? Wanawake tulijipanga nje ya zahanati, watoto wamepakwa mafuta ya nazi wanang'aa. Mke wa mnyapara alikuwa mbele yangu. Dresa, yule mtibabu wa zahanati, akaanza kuita. Nikasikia mzani unagonga ndani. Nikachuchumaa, nikamlaza mtoto, nikakinga kiganja, nikamimina.

Alikohoa mara moja. Kisha hakukohoa tena. Uji ukatokea puani, midomo ikageuka rangi, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nilijua uzito ule. Mtoto aliyekufa nilishampakata, naujua. Nikamtikisa, nikamwita.

Mke wa mnyapara aligeuka. Zamu yake ilikuwa imefika, dresa anamwita. Alimbwaga wake kwenye majani, yule mnono wake, akaninyang'anya wangu, akamgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni. Kimya. Akamgeuza tena, akaufunika mdomo na pua ya mwanangu kwa mdomo wake mwenyewe, akavuta, akatema uji chini. Akavuta, akatema. Mara mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira.

Akanirudishia. Uji ulikuwa umemtapakaa kidevuni. Akaokota wa kwake aliyekuwa analia kwenye majani, tukakaa chini sote wawili. Kisha akasema polepole, "Hata mie humnywesha hivyo. Mnono huyu hajakaa kitako mpaka leo, shoga. Wako anakaa. Kila nikimwona wako anakaa uani nalala na woga."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kifuani kwangu, hiki kifua walichosema kina maji matupu, na kwikwi zinampungua moja moja. Mbavu zake zilihesabika. Hakuwa ameshinda kitu na hakuwa na dalili ya kushinda, na mie nilimpenda hata pumzi zikaniwia nzito. Ndipo nikaona aibu mbele ya Mungu. Miezi yote ile nilikuwa namwonyesha Mungu mtoto wangu kama mtu anayeonyesha bidhaa, nikidhani ananipima, na kumbe kama mie mwenye dhambi naweza kumpenda kiumbe hiki na ukondefu wake, Yeye anipendaje? Woga haukuniisha. Ila kwa mara ya kwanza uliniacha nikae.

Dresa akatoka mlangoni na kalamu sikioni. "Nyie wawili vipi? Nani anaingia?"

Mke wa mnyapara akanitazama, nami nikamtazama.

"Wangu hapimwi, bwana dresa," nikasema. "Amelala."