Noti Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwita mama Kalenga mwizi, katikati ya soko la Kamalondo. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa fundi wa kushona, msichana bado, na ulimi wangu ulichoma kuliko sindano. Noti yangu ya zaire tano ilikuwa imepasuka katikati, nikaishona kwa uzi mwekundu na kuificha ndani ya kopo la vifungo. Ilikuwa ya kununulia kitambaa cha sikukuu. Siku moja nafungua kopo, hakuna kitu. Kesho yake namkuta mama Kalenga, jirani yetu, anampa mteja chenji kwa noti ileile! Nikamnyang'anya, nikapiga kelele za mwizi. Wanunuzi wakarudisha samaki mezani, wakaenda zao. Naye alikuwa mjane. Samaki wale wakavu wa Kasenga ndio waliokuwa bukari, yaani ugali, wa watoto wake. Alilia tu.

Kambo, mama wa mama yangu, aliacha mezani sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akiuza, akaja. Aliniuliza kama nilimwona akiiba. Nikasema sikumwona, lakini uzi ni wangu.

"Makuta haina kinywa," akaniambia, akiionyesha ile pesa mkononi mwangu. "Bantu beko na kinywa. Twende tuulize."

Akamshika mama Kalenga mkono, mimi nikawafuata nimenuna. Mama Kalenga alikuwa amepewa noti na seremala aliyenunua samaki. Seremala naye akaitambua papo hapo: alilipwa nayo kwa jeneza la mtoto wa barabara ya pili, aliyezikwa wiki ile. Tukaenda kwa wafiwa. Mama wa marehemu akaishika kwa mikono miwili. Akasema siku ya kilio hawakuwa na hata ubao, mpaka mama mmoja alipowaletea noti hii, akisema imetolewa na binti yake, fundi wa kushona. Kambo alipomwambia fundi huyo ni mimi, akapiga magoti, akanishukuru.

Mama yangu huyo! Alitoa kwa jina langu, halafu akaogopa kuniambia, kwa sababu ya ulimi wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kambo hakunigombeza. "Ulimuita mwizi mbele ya bantu," akasema. "Utamuomba musamaha mbele ya bantu."

Asubuhi yake nilipiga magoti sokoni, nikasema yote kwa sauti, nikamrudishia noti yake. Mama Kalenga akaniinua, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti. Kabla ya saa sita meza yake ilikuwa tupu, maana watu walirudi kununua.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga, na anza kuuliza nyumbani kwako. Pesa iliyo mkononi mwa mwenzako imepita machozi na jasho usivyovijua. Usimhukumu mtu kwa uzi mmoja. Na ulimi wako uwe mpole, ili mama yako asiogope kukuambia jema alilotenda kwa jina lako.

Mungu akubariki. Jina lako litangulie kufika kwenye nyumba za wenye kilio, na lisifike mikono mitupu.