Mchele wa Safari wa Apo

Harufu ya mchele unaokaangwa mkavu, bila tone la mafuta, ilinishika mwezi uliopita pale Xiaobei, mtaa wa wageni huko Uchina nilikokulia, nikitoka kwenye hoteli ninayofikia siku hizi, ile yenye mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Ndiyo, mimi Saida, mtoto wa chumba kimoja, leo nina stashahada ya biashara na maduka yangu Kariakoo, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini nilisimama njiani nimeduwaa, maana zamani harufu ile ilikaribia kutuhamisha.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alinunua vitambaa soko la Zhongda na kuvipeleka Dar. Mama alimshuku kila mtu, kuanzia wapima vitambaa hadi daktari wa meno. Tulikuwa tunajiandaa kwenda nyumbani Dar kusherehekea sikukuu ya Idi, na mimi, sina siri, nikamwambia mwenye nyumba wetu, bibi wa Kichina tuliyemwita Apo. Asubuhi iliyofuata tukakuta furushi mlangoni: mchele uliokaangwa ukasagwa na chumvi na tangawizi, na figili zilizokaushwa hadi zikawa kama kamba za viatu.

Mama alilisukuma kwa ncha ya kandambili. Muuza tambi wa ghorofa ya chini, Mchina Mwislamu, akamweleza kwamba kijijini kwa akina Apo hicho ndicho walichofungiwa watu waliohamia ng'ambo kwa merikebu za matanga.

"Umesikia, Baba Saida? Waliohama," mama akasema. "Nani anakupa masurufu kama hajakufukuza?"

Baba akasema labda ni zawadi. Mama akamuuliza tangu lini mwenye nyumba akatoa zawadi, akaanza kufunga masufuria. Shule yangu ilikuwa mtaa uleule, na wenye nyumba waliokubali watu kama sisi walikuwa wachache. Nikaona nimekwisha.

Hatimaye mama akanivuta mkono tukapanda ghorofani kwa Apo, mimi mkalimani.

"Muulize anataka tutoke lini."

Apo akashangaa. "Mtoke? Mimi nataka kujua mnarudi lini."

Akaeleza kwamba babu yake alisafiri kwa merikebu hizo. Nahodha aliwapunja maji, wali ulikuja na fukusi, nyama ya chumvi ilinuka. Waliobeba chakula cha kwao ndio waliofika wazima. Tangu hapo, kwao hakuna aliyeamini jiko la chombo, hata kama chombo chenyewe kinaruka.

Mama akanituma nikalete begi lake la mkononi. Lilijaa visheti na mayai ya kuchemsha, maana nyama ya kwenye ndege hakuwahi kuiamini hata siku moja. Apo akanusa kisheti pande zote kabla ya kukiuma. Mama naye akanusa ule mchele, akaniambia niulize kama kikaango kiliwahi kupikiwa nguruwe.

"Mwambie nilinunua kipya," Apo akajibu. "Nilijua atauliza."

Wakati ule niliona aibu. Nilidhani watu wazima wawili wanatukanana kwa pua. Nimeelewa ukubwani, baada ya kufanya biashara na watu wengi wanaotabasamu na kusema niamini tu. Apo hakumwomba mama amwamini. Aliijua shaka yake mapema, akaiheshimu, akaenda sokoni akainunulia kikaango.