Mama Vibanio na Mlango wa Nyuma

Ukiingia maktaba ya mji ule, ukapita meza ya kujiandikisha na rafu za watoto, mwisho kabisa upande wa kulia kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha matatu na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia. Hicho kilikuwa chumba cha magazeti, na aliyekitunza alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kwenye barua za kazi aliandikwa karani daraja la pili. Watu walimwita Mama Vibanio, na hata mkuu wa maktaba alipojisahau alimwita hivyohivyo.

Kazi yake haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Saa mbili asubuhi alipokea magazeti, akayagonga mhuri, akayabana kwenye fimbo ndefu za mbao ili yasichanike wala kutoroka chini ya koti la mtu, kisha akayatundika. Wasomaji wake aliwajua kwa viti vyao. Wastaafu walikaa dirishani, watafuta kazi walikaa karibu na mlango, na katikati alikaa fundi barabara mmoja mstaafu, ambaye alilisoma gazeti kuanzia ukurasa wa mwisho, kana kwamba analivizia.

Huyo fundi ndiye aliyeanzisha yote. Miaka saba nyuma gazeti liliandika kwamba barabara ya kwenda machinjioni imekamilika kwa lami mwanzo hadi mwisho. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Alisema ametoka huko asubuhi ileile, na lami imeishia kwenye kalavati la kwanza, mbele yake ni vumbi tupu. Akatoa kalamu aandike pembeni mwa habari. Mama akamkatalia, maana gazeti la maktaba haliandikwi. Lakini moyo ulimuuma kumwona mtu mzima anasoma jambo analojua si kweli, na hana pa kulisemea isipokuwa kwa jirani yake wa kiti. Basi akachana kipande cha karatasi, akampa penseli, akamwambia aandike hapo. Kile kikaratasi akakibana kwa kibanio juu ya habari yenyewe, ili atakayesoma la gazeti asome na la fundi.

Kesho yake walikuja wawili na vikaratasi vyao. Mwezi haukuisha akaona heri aweke masharti, akayaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani. Andika ulichokiona kwa macho yako. Weka jina lako na mtaa wako. Usitukane. Anayesemwa, awe meya, mhariri au mfagiaji, ana haki ya kujibu chini ya karatasi ileile. Na kikaratasi kikishabanwa hakitolewi mpaka gazeti lenyewe liende kuhifadhiwa, nacho kinahifadhiwa nalo.

Nani alimpa ruhusa? Hakuna. Nani alimkataza? Hakuna pia, kwa sababu mwanzoni hakuna mkubwa aliyeingia chumba kile. Wakubwa hununua magazeti yao. Basi watu wakasema. Walisema kuhusu taka zisizozolewa na choo cha shule kisicho na mlango. Na magazeti yenyewe hayakupona. Moja lilipotoa picha ya mafuriko ya wiki ile, fundi cherehani mmoja aliandika kwamba picha hiyo ni ya miaka mitatu nyuma, na duka linaloonekana linaelea ni lake, na alishahama. Kuna waliokuja kusoma vikaratasi tu, gazeti kwao likawa sinia la kubebea chakula.

Habari zikamfikia afisa habari wa manispaa, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye mazoea ya kushika jalada kifuani hata asipokuwa na kitu ndani. Akamwandikia mkuu wa maktaba kwamba vikaratasi vinapotosha umma, kwamba ukosoaji una njia zake, na kwamba Alhamisi atakuja kujionea. Akikuta hata uongo mmoja, utaratibu huo utafungwa, na karani atahamishiwa stoo ya vitabu vibovu mpaka astaafu.

Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu. Mkuu wa maktaba, mtu mwema lakini mwoga kupindukia, alimwita ofisini akamfungia mlango. Alimsihi apumzishe mambo hayo kidogo. Miezi minane si mingi, alisema, tusijitafutie makuu.

“Makuu gani, mkuu?” mama akauliza. “Penseli?”

Akatoka kifua mbele. Na hapo ndipo alipojikwaa.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo gazeti lilitoka na picha ya utepe unaokatwa. Wodi mpya ya wazazi imefunguliwa zahanati, liliandika, vitanda kumi na viwili, huduma imeanza. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika tano. Saa ya chakula mama akaenda mwenyewe, tena kwa hasira kidogo, hasira ya mtu anayetaka kukuta kosa. Aliijua zahanati ile. Alijifungulia hapo mtoto wake wa pekee. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, mlango wa wajawazito tangu enzi hizo. Akakuta kufuli lenye kutu na utando wa buibui. Hakumuuliza mtu. Alirudi akaandika, kwa jina lake: Wodi imefungwa kwa kufuli. Nimeona kwa macho yangu.

Jumanne watu walipanga foleni kusoma. Fundi barabara alisoma mara mbili, akamwambia mama leo umepiga msumari. Mama alikwenda nyumbani siku hiyo hatua zake nyepesi.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi saba, na alasiri hiyo alitoka kliniki. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akavua viatu, akawa anamsimulia mama mkwe wake huku anasugua miguu. Alisema leo wamempima kwenye wodi mpya, amelala kitandani raha mustarehe, kitanda hakipigi kelele kama vile vya zamani.

Kisu cha mama kilisimama kwenye kitunguu. “Wodi ipi?”

“Hiyo mpya, mama. Mlango uko nyuma, pale kwa kufulia. Ule wa zamani wa kushoto wameufanya wa stoo ya makorokoro.”

Mama alikaa chini. Macho yalikuwa yake kweli, ila mlango haukuwa wenyewe. Alimweleza mkwewe yote, na kwamba keshokutwa afisa anakuja kutafuta uongo mmoja tu, nao upo tayari, umebanwa, tena una jina lake. Mkwe alimwonea huruma. Alimwambia si ukitoe tu kikaratasi, mama, watu waliokisoma ni wastaafu, wengine hata kilichoandikwa jana hawakumbuki. Mama akacheka bila kupenda.

Jumatano, kabla ya kufungua chumba, alipita zahanati. Akazunguka nyuma, akamsalimia dobi, akaomba kuchungulia. Wodi ilikuwa wazi, safi, ina wagonjwa wawili. Akahesabu vitanda. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Vilikuwa sita.

Chumba cha magazeti kilikuwa bado kitupu alipofika. Aliichukua fimbo ya gazeti la Jumatatu, akaiweka mezani, akakishika kibanio. Nisimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao: alikifungua kabisa, na kikaratasi kikamdondokea kiganjani. Aliiona stoo ya vitabu vibovu, haina dirisha, ina harufu ya panya. Angekikunja na kukitia kwenye mkoba, habari ingeishia hapo. Alikuwa na haya pia, haya ya mtu aliyewasahihisha wengine miaka saba. Kisha akainua macho akasoma ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe: hakitolewi.

Akachonga penseli. Chini ya maneno ya juzi akaandika: Nilikosea mlango. Wodi iko wazi, mlango uko nyuma kwa kufulia. Vitanda nilivyohesabu leo ni sita, si kumi na viwili. Akaweka jina na mtaa. Herufi zikatoka mbaya.

Mkuu wa maktaba alipokiona alishika kichwa. Alisema sasa umemwandikia yule bwana ushahidi kwa mkono wako. Mama hakubisha, maana ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi saa nne afisa habari aliingia na jalada lake kifuani. Wasomaji wakainamia magazeti bila kugeuza kurasa. Hakuhangaika sana. Aliifikia fimbo ile, akasoma kikaratasi, akageuka na uso wa mtu aliyeokota alichokipoteza.

“Kwa hiyo mama unakubali uliandika uongo.”

“Nakubali nilikosea,” mama akasema. “Kosa langu hilo hapo, jina langu chini yake, na tangu jana kila aliyeingia amelisoma. Sasa na mimi nikuulize, bwana afisa. Ile habari ya lami ya machinjioni, miaka saba hii, nyinyi na gazeti mliirekebishia wapi?”

Katikati ya chumba fundi barabara alikohoa, na haikuwa kwa ugonjwa. Afisa alirudi kwenye kikaratasi, na safari hii jicho lake likagota kwenye ile sita. Akakunja uso. Alisema hapo anaonewa: vitanda vilinunuliwa kumi na viwili kweli, yeye mwenyewe alivipokea, na sita viko stoo vinangoja magodoro.

“Basi andika hivyo.”

“Mimi?”

“Wewe ndiye uliyesemwa. Nafasi ya chini ni yako.”

Alisita sana. Kisha akatoa kalamu ya bei ghali mfukoni. Mama akamwambia hapa tunatumia penseli, bwana, wino unapenya unaharibu gazeti. Akaandika amesimama, mstari mmoja, akaukata, akaandika mwingine. Mama akamkumbusha jina na mtaa. Akaweka vyote. Aliondoka bila kulifungua jalada, akamwambia mkuu wa maktaba mlangoni kwamba uamuzi wake atauleta kesho.

Ijumaa mama alikuja na kikapu. Alitia kikombe chake, sweta lake na kile kijimto cha kiti, ili akiambiwa aende stoo asikusanye vitu mbele za watu. Hakuweza kusoma hata kichwa cha habari. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Karibu na adhuhuri viatu vya afisa vikasikika kwenye korido, na jalada lilikuwa kifuani, na safari hii lilikuwa nene.

Hakumsalimia. Alipita meza ya mama akaenda moja kwa moja kwenye fimbo. Chini ya maneno yake kulikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa kizee: Magodoro yanangojwa tangu lini? Nauliza tu. Afisa alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Akamtazama fundi barabara, na fundi akaendelea na ukurasa wake wa mwisho.

Alirudi mezani kwa mama, akaliweka jalada lenye ule uamuzi juu ya meza, halafu akasimama bila kulifungua. Kikapu alikiona.

“Mama,” alisema, “naomba ile penseli.”

Mama Vibanio aliitazama ncha, akaiona butu. Akamwambia asubiri kidogo, akaichonga.