Kofia ya Kapteni Ndengu

Nilitoboa matundu mawili kwenye kofia ya marehemu babu yangu, kwa wembe wa kuchongea penseli, nikaiangalia na kuona nimefanya kazi safi kabisa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia bure halafu akajuta. Kofia yenyewe ilikuwa ya pama, ya kahawia, na ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mama, kwetu Kivaa. Ilinuka ugoro, jasho la mzee na moshi wa jikoni. Ukiingiza kichwa ndani ulikuwa kama umeingia kwa babu bila kubisha hodi, na ungeweza kuapa kwamba atakohoa na kukuuliza unataka nini. Nilikuwa darasa la tano, kichwa changu kama embe dodo, kwa hiyo kofia ilinishuka mpaka puani na dunia yote ikawa giza. Mtu mwingine angeivua na kuirudisha msumarini. Mimi niliona kofia inayoziba macho inaomba macho.

Lakini sikuanza peke yangu. Aliyeanza ni Mwende, tuliyekaa naye dawati moja, ambaye alikuwa na daftari la hesabu lisilo na hesabu hata moja. Ndani yake alichora hadithi za Kapteni Ndengu, shujaa wa Masinga yote, aliyekula bakuli moja la ndengu asubuhi na kung'oa mti wa mgunga kwa mkono mmoja kabla ya saa nne. Darasa zima lilimsoma Kapteni chini ya dawati, na ukurasa mpya ulipotoka, hata wale waliokuwa hawasomi chochote walisoma. Shida ilikuwa moja: Mwende hakuweza kuchora uso uleule mara mbili. Ukurasa wa kwanza Kapteni alikuwa mchimba kisima mwenye mashavu. Ukurasa wa pili amekonda, ana shingo ya twiga. Wa tatu alikuwa, bila ubishi, mama fulani wa sokoni Kithyoko. Tulimcheka hadi akakasirika, akachukua kalamu nyekundu na kuandika sheria kwenye jalada: Kapteni si mtu mmoja. Kapteni ni kofia. Anayevaa hufanya tendo moja jema, kisha huivua na kumpa mwingine. Na kofia aliichora imeshuka hadi puani, ina matundu mawili, kwa sababu pua pia zilimshinda. Sheria hiyo ilitunyamazisha wote. Ilikuwa na maana kuliko sheria nyingi za shule yetu.

Mimi hasa niliielewa haraka, na hapa ni lazima niseme habari ya jina langu. Kwetu Ukambani mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Babu alikuwa Mutisya, nami nikawa Mutisya, na kwa sababu hiyo mama hakuniita kama mtoto wake. Aliniita Nau, yaani baba yangu. "Nau, kula." "Nau, umeoga wapi, matopeni?" Miaka miwili ya mwisho babu alikuja kukaa kwetu akiwa mgonjwa, na mama akiita "Nau!" tulikuwa tunaitika wawili, mmoja kutoka kwenye kiti na mwingine kutoka juu ya mti, halafu babu ananikonyeza kana kwamba tumeiba kitu pamoja. Mwezi wa tano tulimzika. Tangu siku ile mama akaanza kuniita Boniface, jina langu la ubatizo, ambalo mpaka wakati huo lilikuwa la padri na mwalimu tu. Boniface, funga mbuzi. Boniface, lala. Hakuwa mkali. Ni kama alikuwa amefunga mlango na mimi nimebaki nje, na sikuthubutu kuuliza ufunguo uko wapi. Nilifanya vichekesho vyangu vyote jikoni, mpaka kile cha kutembea kama chifu mwenye kiatu kinachobana. Alitabasamu kidogo na kusema, "Boniface, ondoa sufuria."

Likizo ya Agosti ilipofika, ile ya vumbi na upepo, Mwende alisema Kapteni atoke kwenye daftari. Tulijaribu gunia, likatuwasha. Tulijaribu sehemu ya chini ya mtungi wa plastiki, tukaonekana wendawazimu. Ndipo mimi, mdomo mkubwa, nikasema, "Kwetu kuna kofia." Nilining'iniza sweta yangu pale msumarini ili pasionekane patupu, nikachukua wembe, na yaliyofuata nimekwisha kuyakiri. Kazi ya Kapteni tuliipata kwa jirani, Susu Kalunde, bibi mwenye ukungu machoni na ulimi usio na ukungu wowote. Punda wake alikuwa amekufa, na maji yalikuwa mbali. Jumatatu nilimpelekea mtungi, nikaumwaga nusu kwenye kizingiti chake, nikatoroka. Jumanne ilikuwa zamu ya Mwende, ambaye hakumwaga hata tone, akamsalimia pia, jambo ambalo halikuwa kwenye sheria. Jumatano zamu ikanirudia. Kubeba maji kulikuwa kumeshanichosha, kwa hiyo nilimficha kuku wa Susu chini ya karai nyuma ya nyumba yetu, ili baadaye Kapteni amwokoe kwa kishindo.

"Kapteni haibi kuku ndio amrudishe!" Mwende alinifokea.

"Hii ni kumwokoa mapema," nikamwambia.

Tulikuwa bado tunabishana pale nyuma ya jikoni, Susu Kalunde alipoingia uani na fimbo yake, akaketi bila kukaribishwa. Mama alikuwa anapepeta mahindi.

"Binti Mutisya," Susu alisema, "baba yako anakuja kwangu kila siku."

Ungo ukasimama. "Susu, baba tulimzika."

"Si najua? Nilikuwako, nilikula wali. Lakini hiyo kofia naijua. Macho yangu ni mabaya lakini si mabaya hivyo. Jumatatu alikuja akiwa mfupi, akamwaga maji mlangoni kwangu. Jana amerefuka kidogo, na ako na sauti ya msichana. Na leo ameficha kuku yangu."

Mama aliweka ungo chini.

"Huyo wa leo," Susu akasema, "ndiye baba yako hasa. Mutisya aliwahi kunifichia tumbaku siku tatu nzima, akanisaidia kuitafuta."

Mwende aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekumbuka kuna kazi kwao, na akaondoka kwa mwendo ambao Kapteni mwenyewe hangeufikia. Nilisikia mlango wa chumba ukifunguliwa, nikajua mama ameshika sweta yangu. "Boniface!" Niliingia nikiwa nimeikumbatia kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na kichekesho hata kimoja. Nilimweleza kila kitu, kuanzia mashavu ya mchimba kisima mpaka karai. Mama aliipokea kofia, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha kwenye la pili. Nilisubiri kofi, na kusema kweli nililitamani, kwa sababu kofi huisha. Badala yake alitoka, akaketi juu ya mtungi wa plastiki nyuma ya jikoni, akanipa mgongo, kofia mapajani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisimama mlangoni nikiyatazama mabega hayo. Nilijua analia. Nilijua pia ni mimi niliyemtoboa babu, kwamba hata hilo Boniface sasa atalitamka kwa shida, na Nau sitaisikia tena mpaka nizeeke.

Sasa niko kidato cha tatu, bwenini hapa Machakos mjini, na walimu wana majina yao mengine ya kuniita ambayo padri hangeyakubali. Kina Mwende walihamia Mavoko, kwa baba yake anayefanya kazi kiwandani. Siku hizi anachora kwa simu, na nikiwa likizo hunitumia kurasa. Amejifunza pua. Anaweza kuchora uso mmoja mara mia, lakini sheria hajaifuta, na Kapteni wa mwezi uliopita alikuwa kijana anayeuza maji kwa mkokoteni, ana masikio yangu, nimelalamika. Kofia bado iko msumarini. Siku hizi hainifiki puani, inakaa juu ya kichwa changu kama kifuniko cha birika, na harufu ya ugoro imekwisha kabisa; nimeinusa mara nyingi kuhakikisha. Zamani nilidhani kuna wenye nguvu na kuna wenye kuokolewa, na kwamba tatizo ni kupata kofia tu. Sasa naona siku ile nyuma ya jikoni sikuwa na nguvu yoyote, niliweza kusimama tu, na hata kusimama kulinishinda.

Maana mabega yaliendelea mpaka nikajikuta nimeketi kwenye kizingiti. Kisha mama akainuka, akageuka. Alikuwa ameivaa. Ameivuta mpaka puani, na kwenye matundu yangu mawili, ambayo sasa niliona hata hayalingani, macho yake yalikuwa mekundu na yenye maji, na chini ya ukingo wa kofia mdomo ulikuwa unapigana na kicheko na unashindwa. Susu Kalunde, kule uani, aliuliza kama hapa watu huwa hawapewi chai. Mama akaushika ule mtungi aliokuwa ameukalia.

"Nau," akasema, "mrudishie Susu kuku yake. Maji ya leo napeleka mimi."